Gari la nitro hapa Pwani: kuliweka sawa kwa mashindano na kulitunza lisife

Kaskazi ilikuwa inavuma mpwa wangu alipoingia karakanani kwangu Msambweni na boksi la kadibodi kifuani. Ndani mlikuwa na gari la rimoti, si lile la betri ambalo watoto hununuliwa Idi, bali la injini, moja kwa kumi ya gari la kweli. Alilinunua Nairobi kwa mkono wa pili, na huko alilishuhudia likikimbia vizuri kabisa. Alipofika nalo Ukunda alilijaza mafuta, akaliwasha kwenye uwanja wa saruji, likaenda dakika kama sita, likatoa sauti nyembamba ya ukali, kisha kimya.

"Mjomba, limekwama. Hata kulizungusha kwa mkono halikubali."

Nilipolifungua nilikuta pistoni imechunika ubavuni, silinda ina mikwaruzo, na mkono wa pistoni umegeuka rangi ya buluu kwa joto. Akiba yake ya miezi ilikuwa imekwisha kwa dakika sita.

Mimi kazi yangu ni mashine za boti. Miaka yote hii nimezifungua mashine za wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni, na sikuwahi kudhani nitapiga goti mbele ya gari la kuchezea. Lakini mashine ni ile ile ya mipigo miwili, imepunguzwa tu mpaka ikaenea kiganjani. Tangu siku ile vijana wa Diani na Ukunda wamekuwa wakiniletea magari yao, mengine yametumwa na jamaa walioko Dubai na Maskati, mengine yametoka Nairobi. Vitabu vinavyokuja nayo ni vya Kiingereza au Kijapani, na vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Nimeona bora niandike hapa, kwa ajili ya hewa yetu na chumvi yetu.

Kwanza kosa la mpwa wangu, maana limeshanijia mara tatu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini inayovuta hewa nyepesi yataka mafuta machache, kwa hiyo mwenye gari wa kwanza alikaza sindano za kabureta kufuatana na hewa yake, na alikuwa na haki. Gari likateremka mpaka Ukunda, ambako hewa ni nzito. Sasa linavuta hewa nyingi kwa mafuta yale yale kidogo. Na katika injini hizi oili haikai mahali pake peke yake. Imo ndani ya mafuta yanayochomwa. Mafuta yakipungua, kulainisha nako kumepungua, na joto linapanda papo hapo. Gari lolote likitoka bara, legeza sindano kubwa nusu mzunguko kabla hujaliwasha. Litatoa moshi mwingi na litagugumia, wacha ligugumie. Utakaza polepole baadaye.

Injini ya gari la moja kwa kumi huwa na cc 2.1 hivi, na ya magari makubwa zaidi, moja kwa nane, cc 3.5. Usiudharau udogo huo. Mashine ya boti ya 40 ikifunguliwa mpaka mwisho huzunguka kama mara 5,500 kwa dakika. Kijinjini hiki hupita 30,000. Plagi yake si ya cheche kama ya bodaboda. Ndani mna kiwaya kilichosokotwa chenye platini. Unakipasha kwa betri ya volti moja na nusu mpaka kiwe chekundu, injini ikishika unaondoa betri, na mvuke wa methanoli ukigusana na ile platini kiwaya kinaendelea kuwaka chenyewe. Ndiyo sababu petroli haifai kabisa humu. Kuna kijana alijaza petroli na oili ya boti, akavuta kamba mpaka mkono ukavimba. Injini haikuwaka, na ile mipira laini ya silikoni inayopitisha mafuta ilivimba ikawa kama utumbo.

Mafuta yenyewe ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Kwa magari ya barabarani nitromethani huwa kati ya asilimia 16 na 25, oili huwa kama asilimia 8 hadi 16, na kilichobaki ni methanoli. Nitromethani huongeza nguvu, na pia huongeza bei. Huko Ulaya, tangu Februari 2021, mtu wa kawaida asiye na leseni haruhusiwi kupata mafuta yenye zaidi ya asilimia 16, kwa sababu nitromethani yaweza kutumika kutengenezea baruti, na magari yao yanakimbia vilevile. Kwa hiyo anayeanza hana haja ya kutafuta ya 25.

Hapa tuna shida ya kuyapata. Jamaa aliyeko Ghuba atakuletea gari, injini, hata tairi ndani ya begi, lakini mafuta haya hayapandi ndege katika mizigo ya abiria, na asijaribu. Yanunuliwe dukani Nairobi au Mombasa, kopo likiwa na muhuri wake. Nimeshaona watu wakijichanganyia nyumbani, methanoli ya viwandani na mafuta ya nyonyo ya duka la dawa. Oili ya nyonyo ni kweli hutumika katika mafuta haya, lakini iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Ile ya kunywesha tumbo huacha gundi kwenye pistoni, na ukikosea kipimo injini inakufa kama ilivyokufa ya mpwa wangu.

Na hapa naomba mzazi asome hata kama magari hayamhusu. Mafuta haya hutiwa rangi, mara nyingi nyekundu au waridi, na ukiyamimina kwenye chupa ya soda hayana tofauti na sharubati. Methanoli ni sumu. Vijiko viwili vya chai vyaweza kumpofua mtu, na kiasi kidogo zaidi ya hapo chaweza kumuua, sembuse mtoto. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli hiyo hiyo. Tena ni sumu ya ujanja: aliyeinywa aweza kuonekana mzima nusu siku nzima, kisha macho yaanze kufifia. Mtoto akionja, msingoje dalili. Mkimbizeni hospitali, ya Msambweni au iliyo karibu nanyi zaidi, na mchukue lile kopo mkononi ili daktari aone ni nini. Nyumbani kwangu kopo liko ndani ya sanduku la kufuli, nje ya nyumba, mbali na jiko, na halimiminwi kwenye chupa nyingine ila ile ya kujazia tanki, ambayo nayo hurudi sandukuni.

Moto wake nao hauonekani mchana. Mwali wa methanoli juani ni kama hakuna. Ukiona rangi ya gari inabubujika, au hewa inatetemeka juu yake kama juu ya lami, liko motoni. Maji mengi hufaa, kwa kuwa methanoli huchanganyika nayo. Weka ndoo karibu kila mnapokimbiza magari. Na usijaze tanki na sigara mdomoni. Nalisema kwa sababu nimeona.

Sasa injini mpya. Silinda yake imebana kidogo juu, makusudi, ili ikipata joto itanuke na kukaa sawa na pistoni. Ikiwa baridi utasikia pistoni inashika ikifika juu. Hiyo si kasoro. Ipashe kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha iwashe na sindano zikiwa zimelegezwa. Tanki mbili za kwanza iache iungurume tu, gari likiwa juu ya kitu na tairi hewani, kila baada ya dakika chache uizime na kuiacha ipoe kabisa. Tanki tatu au nne zinazofuata iendeshe taratibu, ukikaza sindano kidogo kidogo. Kila unapoizima, zungusha gurudumu la injini mpaka pistoni ishuke chini kabisa, ipoe ikiwa huko. Ikipoa ikiwa juu, silinda itajikunja juu yake na kule kubana kutapotea. Tia alama ya rangi kwenye gurudumu ujue chini ni wapi. Vijana hawapendi kazi hii. Wanataka kasi siku ile ile. Pistoni na silinda mpya nilizomwagizia mpwa wangu zilikaribia nusu ya bei ya injini nzima.

Tuje kwenye kabureta, ambako ndiko mashindano hushindwa. Sindano ni mbili. Kubwa hutawala mafuta gari likiwa mbio. Ndogo hutawala likiwa limesimama na pale linapoondoka. Kukaza, yaani kuzungusha kulia, ni kupunguza mafuta. Kulegeza ni kuongeza. Ihesabu mizunguko kama saa: kutoka saa sita kwenda saa saba ni hatua moja. Usibadilishe zaidi ya hatua moja kwa mara moja, na usiziguse sindano injini ikiwa baridi.

Anza na kubwa. Endesha mpaka injini ishike joto, kisha lipeleke gari mstari mrefu na bonyeza mpaka mwisho. Unatafuta moshi mwembamba wa buluu na weupe unaolifuata mstari mzima, na sauti inayopanda bila kukatika. Moshi ukiwa mzito na gari likigugumia kama mwenye mafua, mafuta ni mengi, kaza hatua moja. Moshi ukitoweka, sauti ikawa nyembamba, na mwishoni mwa mstari gari likalegea ghafula, mafuta ni machache. Hapo usimalize hata mzunguko mwingine wa uwanja. Lirudishe, legeza hatua mbili. Sauti ile nyembamba ni tamu masikioni, na gari huwa na kasi kuliko wakati wote kabla ya kufa. Mpwa wangu aliniambia alikuwa akishangilia.

Kisha ndogo. Acha injini iungurume sekunde kumi, halafu ubinye kwa vidole mpira wa mafuta karibu na kabureta. Injini iliyo sawa itapandisha sauti kidogo, kisha izimike baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizimika mara moja, legeza. Ikiendelea mpaka vidole vichoke, kaza. Ukimaliza, irudie ile kubwa uihakikishe, maana sindano hizi huvutana.

Joto kichwani mwa injini liwe kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi. Kipimajoto cha kuelekeza kinapatikana, lakini kile tulichopimwa nacho milangoni wakati wa korona hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili na huishia kwenye arobaini na kitu. Nunua cha mafundi. Kama hunacho, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini: likichemka na kukauka kwa sekunde tatu au nne, ni salama, likiruka na kutoweka papo hapo, imepita kiasi. Mwisho wa siku fungua plagi utazame kiwaya. Kiking'aa na kikiwa na unyevu wa oili, lala usingizi. Kikiwa cha kijivu, kimekauka au kimejipinda, umekuwa ukiendesha kwa mafuta machache hata kama moshi ulikudanganya.

Jambo moja la kwetu halimo vitabuni. Vijana hujaribu magari saa saba mchana, jua likiwa utosini, halafu wanashindana baada ya swala ya alasiri watu wakishapumzika. Hewa ya saa saba ni ya moto na nyepesi. Ikifika saa kumi na moja, upepo wa baharini ukipoza, hewa inazidi uzito na sindano iliyokuwa sawa mchana inakuwa imekaza. Legeza hatua moja kabla ya kushindana. Fanya hivyo hivyo ikinyesha mvua na joto likashuka. Asubuhi ya kusi si sawa na adhuhuri ya kaskazi. Mvuvi anayajua haya kwa tanga, na mwenye gari hili ayajue kwa bisibisi.

Habari ya chasi nitaipita haraka, kwa kuwa gari lililofungwa vizuri kiwandani, liwe Kyosho la Japani, Serpent la Uholanzi au XRAY la Slovakia, halihitaji mengi. Tumbo liwe milimita 5 au 6 juu ya ardhi. Tairi zote ziinamie ndani upande wa juu, nyuzi moja na nusu hadi mbili. Za nyuma zielekeane mbele kidogo kama vidole vya miguu ya mtu aliyesimama kwa aibu, nyuzi mbili hadi tatu, gari litatulia likitoka kwenye kona. Oili ya shoki hulainika kwa joto letu, kwa hiyo tumia nzito kuliko ile iliyotajwa kitabuni. Meno ya gia yaachiane upana wa kipande cha karatasi ya daftari. Yakibana sana yanakula beringi za klachi, yakiachiana sana yanakatika. Ukitumia tairi za sponji, zipime kwa kalipa kila baada ya mchezo. Ya kushoto ikipungua milimita moja kuliko ya kulia, gari litavuta upande, na utahangaika na usukani ambao hauna kosa.

Adui mkubwa zaidi wa chasi ni mchanga. Mchanga wetu mweupe ni unga wa matumbawe, na gari lililo milimita 5 kutoka chini hulivuta vumbi hilo kama ufagio. Chembe zikipita kwenye filta, injini inasugwa kwa msasa. Filta ya sponji ioshwe na kupakwa oili yake kila siku ya mchezo, na uwanja ufagiliwe kabla. Uwanja wenyewe uombe kwa mwenyewe: shule siku ya Jumamosi, au maegesho yaliyo wazi. Barabara ya ufukweni Diani, yenye tuktuk na bodaboda zake, si pahala pake. Gari lenye uzito wa karibu kilo mbili kwa kilomita 80 kwa saa laweza kuvunja mguu. Kwa sababu hiyo hiyo, washa rimoti kwanza, kisha risiva ya garini. Ukimaliza, zima gari kwanza. Na kabla ya injini kuwaka, zima rimoti makusudi uone kama breki inashika yenyewe. Kama haishiki, usiwashe injini siku hiyo mpaka umerekebisha. Kispringi cha kurudisha kabureta nacho kiwepo. Ni kitu cha shilingi chache.

Sasa mchezo umekwisha, kila mtu anataka kwenda zake. Nusu saa hii ndiyo inayoamua injini itaishi msimu mmoja au mitano. Methanoli huvuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji na chumvi mchana na usiku. Mabaki ya nitromethani iliyoungua nayo huacha asidi. Ukiyaacha ndani ya injini usiku mmoja, beringi zinaanza kutu. Mwaga mafuta yaliyobaki tankini, na usiyarudishe kwenye kopo. Washa injini iendelee mpaka ijizime kwa njaa, kisha rudia, mpaka isishike tena. Tia matone manne au matano ya mafuta mepesi kwenye kabureta na mengine kwenye tundu la plagi. Yako mafuta maalumu kwa kazi hii. Mimi hutumia ya cherehani na sijajuta. Zungusha kwa mkono mara kumi, rudisha plagi, shusha pistoni chini.

Gari usilioshe kwa maji, hasa ya visima vyetu vya chumvi. Tumia brashi, pampu ya hewa na spiriti kidogo, kisha zungusha kila tairi kwa kidole usikilize beringi. Inayokwaruza ibadilishwe, kwa sababu ile inayosimama ghafula gari likiwa mbio huenda na ekseli.

Kopo la mafuta lililofunguliwa lifungwe kwa nguvu. Kama limekaa wazi, au limeona masika mawili, usilitie injini. Yatakuwa yamekunywa maji, na injini itakataa kutulia kwa sindano yoyote ile. Mvua za Aprili na Mei zikizuia mchezo, gari langu hulitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kila Ijumaa nazungusha injini mara chache kwa mkono.

Mpwa wangu sasa ana daftari. Kila akienda uwanjani anaandika tarehe, saa, upepo, sindano kubwa imefunguliwa mizunguko mingapi, na joto la injini baada ya tanki la pili. Mwezi uliopita alinipigia simu saa kumi jioni kutoka Ukunda kuniuliza kama alegeze hatua moja au mbili, kulikuwa kumenyesha. Nikamwambia aanze na moja, atazame moshi.